Kubaini na Kueleza Spishi Mpya za Dandelioni: Jina, Bustani na Sampuli ya Msingi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanataksonomia wa Ulaya wanavyobaini na kueleza spishi mpya za jenasi ya Taraxacum, yaani dandelioni, ambazo kwa sehemu kubwa huzaa mbegu bila utungisho. Hoja inayojengwa ni kwamba spishi ya namna hii ni dai linalopaswa kuweza kurudiwa: mmea upandwe mahali pengine, uoteshwe kwa mbegu zake wenyewe, na bado utambulike. Hoja hiyo inapimwa kwa visa viwili, kimoja cha kisiwa cha Hirta huko Uskoti na kingine cha dandelioni ya mpira kutoka Kazakhstan, ambapo kosa la utambuzi lilipotosha tafiti za zao lenye thamani.

Istilahi muhimu: Taraxacum, apomiksisi, taksonomia, sampuli ya msingi, herbariamu

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Afrika Mashariki asiyeijua dandelioni anaweza kuanza na mchunga (Launaea cornuta), mboga chungu inayochumwa makondeni. Mimea hii miwili ni ya familia moja ya Asteraceae, na ndani ya familia hiyo imo katika kundi moja dogo. Yote hutoa utomvu mweupe kama maziwa inapokatwa, na yote ina maua ya njano ambayo kila moja, kwa hakika, ni kichwa kilichobeba maua madogo mengi. Dandelioni inatofautiana na mchunga kwa kuwa haina shina lenye majani. Majani yake yote hutoka usawa wa ardhi yakajipanga kwa duara juu ya mzizi mnene, na kila kichwa cha ua husimama peke yake juu ya bua tupu lenye uwazi ndani. Kichwa kikikomaa hugeuka tufe jeupe la nywele, na kila kishungi cha nywele hubeba tunda moja dogo hewani.

Mwaka 1753 Linnaeus aliipa dandelioni ya kawaida ya Ulaya jina la Leontodon taraxacum. Leo majina ya spishi zilizoelezwa katika jenasi ya Taraxacum ni zaidi ya 2,000, na katika visiwa vya Uingereza na Ireland peke yake zinatajwa zaidi ya 200. Kwa mtu anayepita kando ya uwanja wa majani mwezi Aprili, nyingi ya hizo ni ua lile lile la njano. Ndiyo maana kazi hii imekuwa ikitiliwa shaka tangu ilipoanza. Wapo wanabotania wanaoona kwamba kuzitaja zote kwa jina moja la jumla kunatosha, na kwamba mamia ya majina ni mzigo usio na faida. Shaka hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa majina yaliyotolewa kwa pupa yapo. Hata hivyo, kukataa majina yote kwa pamoja nako kuna gharama, kama sehemu ya 6.0 itakavyoonyesha.

2.0 Mbegu zisizo na baba

Chanzo cha wingi huu ni namna mmea unavyozaa. Seli za dandelioni zina kromosomu katika mafungu ya nane. Mimea yenye mafungu mawili, yaani kromosomu 16, huitwa diploidi. Hiyo huzaa kama mimea mingine mingi: chavua hutoka ua moja kwenda jingine, yai hutungishwa, na watoto huchanganya sifa za wazazi wawili. Sehemu kubwa ya dandelioni za kaskazini mwa Ulaya, hata hivyo, ni triploidi, zenye mafungu matatu na kromosomu 24. Mafungu matatu hayagawanyiki kwa usawa, na mmea unaotegemea utungisho katika hali hiyo kwa kawaida huwa tasa. Dandelioni imelikwepa tatizo hilo. Yai lake hutengenezwa bila kupunguza idadi ya kromosomu, kisha huanza kugawanyika lenyewe bila kutungishwa, na tishu ya chakula inayolizunguka nayo hukua bila kusubiri chavua. Njia hii huitwa apomiksisi. Mtoto huwa nakala ya mama.

Mwanabotania wa Denmark, Christen Raunkiær, alilithibitisha jambo hili mwaka 1903 kwa jaribio ambalo bado linashangaza kwa urahisi wake. Alikata kwa wembe nusu ya juu ya vichwa vya maua ambavyo havijafunguka, akaziondoa sehemu zote zinazotoa chavua na zinazoipokea. Kilichobaki chini kilikomaa na kutoa mbegu nzima. Jaribio hilo halikuhitaji hata hadubini. Miongo kadhaa kabla yake, Gregor Mendel alikuwa ametaabika na mimea ya jenasi ya Hieracium, jamaa wa karibu, ambayo ilikataa kufuata kanuni alizozigundua kwenye njegere. Sababu ilikuwa apomiksisi hii hii, ingawa Mendel hakuishi hadi kuijua.

Uchunguzi wa karibuni umeingia ndani ya seli. Mwaka 2022 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliobaini jeni inayolifanya yai la dandelioni lianze kugawanyika bila utungisho. Nakala ya jeni hiyo ilipohamishiwa kwenye saladi, yai la saladi nalo likaanza kugawanyika. Inafaa kutaja kando kwamba dandelioni triploidi, pamoja na kutohitaji chavua, bado huchanua kwa fahari na kutoa nekta, na nyuki huendelea kuzitembelea kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwa mwanataksonomia, matokeo ya apomiksisi ni mazito. Tofauti ndogo ambayo katika mmea wa kawaida ingeyeyuka kwa kuchanganyika, katika dandelioni hubaki. Jani lenye umbo fulani, kikonyo chenye rangi ya zambarau na brakti zilizojikunja kwa namna yake husafiri pamoja kizazi baada ya kizazi, na mmea uliokusanywa pwani ya Norway unaweza kufanana kwa kila sifa na mwingine uliokusanywa Uskoti. Mswidi Hugo Dahlstedt (1856–1934) na wanafunzi wa njia yake walielewa kwamba mafungu haya ya sifa yanaweza kutajwa kwa majina, na Dahlstedt mwenyewe akaeleza mamia ya spishi.

3.0 Kazi ya kubaini

Ugumu wa kwanza ni kwamba dandelioni hubadilika umbo kwa mazingira. Mmea ule ule ukikatwa na mashine ya nyasi kila wiki hutoa majani mafupi, yasiyo na mikato inayoutambulisha. Ukiota kivulini, majani hulegea na kurefuka. Ukichumwa mwezi Julai, maua yake ya pili hayafanani na yale ya kwanza. Kwa sababu hiyo wakusanyaji wa Uingereza hufanya kazi yao hasa kati ya Aprili na katikati ya Mei, wakati wa mchanuo wa kwanza, na huepuka mimea iliyokanyagwa, iliyolishwa mifugo au iliyofichwa na miti. Kipindi hicho ni kifupi, na majira yakipita mtu husubiri mwaka mzima.

Ugumu wa pili ni kwamba sifa muhimu hufa pamoja na mmea. Rangi ya kikonyo, iwe kijani, waridi au zambarau, hufifia katika karatasi ya kukaushia. Brakti za nje, yaani vijani vidogo vinavyozunguka kitako cha kichwa cha ua, hukauka zikalala upande wowote karatasi inavyozibana. Basi mkusanyaji mzuri huandika papo hapo shambani: brakti za nje zimekunjwa chini, zimetandaa au zimekumbatia kichwa, upana wake ni milimita ngapi, ukingo wake una mstari mweupe au hauna. Hutazama upande wa chini wa maua ya pembezoni aone kama mstari wake ni wa kijivu au wa zambarau. Hutazama pia stigma, kwa kuwa katika spishi nyingine ni ya njano safi na katika nyingine imetiwa weusi. Huligusa ua kwa kidole ili kujua kama linatoa chavua, maana zipo spishi zisizotoa chavua kabisa. Chini ya hadubini, chavua ya triploidi mara nyingi huwa na punje za ukubwa mchanganyiko, ilhali ya diploidi hulingana, na dalili hii humwezesha mtafiti kukisia namna mmea unavyozaa kabla ya kuhesabu kromosomu.

Jani ndilo linalozungumza zaidi, na pia ndilo linalodanganya zaidi. Majani ya nje kabisa, yaliyotangulia kuota, hayana umbo kamili, na yale ya ndani kabisa bado hayajakua. Yanayotegemewa ni ya katikati. Katika hayo hutazamwa idadi ya vipande vya pembeni, iwapo vimeelekea chini au vimesimama wima, iwapo kingo zake zina meno, na namna kipande cha mwisho, kile cha nchani, kilivyochongoka au kuviringa. Katika kundi liitwalo Hamata vipande vya pembeni hupinda kama ndoano, na jina lenyewe la Kilatini linasema hivyo. Katika kundi la Naevosa jani huwa na madoa meusi ya zambarau.

Kisha huja tunda, lile ambalo wengi huliita mbegu. Bila tunda lililokomaa, maelezo ya spishi mpya huwa na pengo. Urefu wake hupimwa kwa milimita, miiba midogo ya upande wa juu huangaliwa, na rangi huandikwa kwa uangalifu. Kundi la Erythrosperma limepata jina lake kutokana na matunda ambayo mara nyingi huwa mekundu kama tofali. Wakusanyaji wasio na subira hurudi nyumbani na maua peke yake, na sampuli zao hulala katika herbariamu zikiwa na maelezo nusu.

Njia inayotatua ugumu huu kwa pamoja ni kupanda. Mbegu za mmea unaoshukiwa kuwa mpya huoteshwa bustanini, katika udongo wa kawaida na mwanga wa kutosha, kando ya spishi zinazojulikana. Mwaka unaofuata hutazamwa kama sifa zilizoonekana shambani zimebaki. Zikitoweka, basi zilikuwa kazi ya upepo, mbuzi au kivuli. Zikibaki, na watoto wote wakafanana na mama, mtafiti ana msingi wa kusema. Kwa maoni ya makala haya, hatua hii ndiyo inayotenganisha maelezo yanayostahili kuaminiwa na yale yanayosimama juu ya karatasi moja iliyokaushwa.

4.0 Mmea wa Hirta

Kisa cha Taraxacum pankhurstianum kinaonyesha njia hiyo ikifanya kazi. Hirta ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya St Kilda, takriban kilometa 64 magharibi ya North Uist, katika bahari ya Atlantiki. Wakazi wake wa mwisho, watu 36, walihamishwa kwa ombi lao tarehe 29 Agosti 1930, na kisiwa kina ndege wa baharini na kondoo wa asili wanaokula nyasi zake mwaka mzima. Ni vigumu kufikiria mahali pabaya zaidi pa kutambua dandelioni. Upepo wa chumvi hudumaza kila kitu, na jani linalochomoza hukatwa na kondoo kabla halijapata umbo.

Mbegu zilizokusanywa Hirta mwaka 2010 zilioteshwa Edinburgh. Mimea iliyotokana nazo, ikiwa mbali na upepo na mbali na kondoo, haikugeuka kuwa mojawapo ya spishi zinazojulikana. John Richards, mtaalamu wa dandelioni za Uingereza kwa miongo mingi, aliichunguza akaona kwamba ni mpya, na mwaka 2012 spishi hiyo ikachapishwa kwa majina ya Richards na Ferguson-Smyth. Jina lenyewe linamkumbuka Richard Pankhurst, mwanabotania wa Edinburgh aliyekuwa miongoni mwa watangulizi wa kutumia kompyuta kutambua mimea.

Swali linalobaki ni la asili yake. Imependekezwa kwamba mmea huo ulifika na mabaharia wa Kinorsi waliopita kutoka Iceland, au ulibebwa na ndege. Kwa mmea wa apomiksisi, mbegu moja inatosha kuanzisha kizazi kizima, kwa hiyo mapendekezo yote mawili yanawezekana. Hata hivyo, jambo moja linapaswa kutengwa na mengine: kutoonekana kwa spishi mahali pengine si uthibitisho kwamba ilizaliwa hapo. Dandelioni za Iceland na za pwani za Norway zina watafiti wachache mno, na sampuli inayofanana inaweza kuwa imelala katika kabati la herbariamu fulani bila jina.

5.0 Jina na sampuli ya msingi

Kuona kwamba mmea ni mpya hakutoshi kuupa jina. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinadai masharti, na dandelioni huyaonja yote. Tangu 1 Januari 1958 jina la spishi mpya halikubaliki pasipo kuteuliwa sampuli ya msingi, yaani mmea mmoja uliokaushwa na kuhifadhiwa ambao jina limefungwa kwake milele. Maelezo yanaweza kukosea, na mchoro unaweza kupotosha, lakini jina hufuata sampuli hiyo. Tangu 1935 maelezo au utambulisho wa spishi mpya ulipaswa kuwa kwa Kilatini. Kuanzia 1 Januari 2012 Kiingereza kiliruhusiwa pia, na uchapishaji wa kielektroniki katika majarida yanayostahili ukatambuliwa. Lugha nyingine yoyote, Kiswahili kikiwemo, haijaruhusiwa kwa sehemu hiyo ya lazima, jambo ambalo wanabotania wa nchi nyingi wana haki ya kulijadili.

Uzito wa sampuli ya msingi umeonekana katika jina la kwanza kabisa la jenasi. Linnaeus hakuteua sampuli, kwa kuwa desturi hiyo haikuwepo enzi zake. Uteuzi ulipofanywa na watu wa baadaye, sampuli iliyochaguliwa ilionekana kuwa ya kundi la dandelioni za kaskazini ya mbali, tofauti na zile za mabustani ya Ulaya. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: dandelioni inayojulikana kuliko zote ilibaki nje ya seksheni yenye jina la jenasi, na mwaka 1987 ikalazimu kuundiwa seksheni mpya, Ruderalia. Mwaka 2011 Jan Kirschner na Jan Štěpánek wa Jamhuri ya Cheki walirejea suala hilo na kupendekeza uteuzi mpya, ili jina la zamani lirudi kwa mimea ambayo watu wamekuwa wakiiita hivyo. Vitabu vilivyochapwa kati ya miaka hiyo vinatumia jina la seksheni kwa maana isiyolingana na ya leo, na mtafiti asiyejua historia hii atasoma jina moja akafikiria mmea mwingine.

6.0 Kosa la dandelioni ya mpira

Anayeona kwamba yote haya ni ubishi wa majina atazame Taraxacum kok-saghyz. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 msafara wa Kisovieti uliokuwa ukitafuta mimea ya mpira ulikuta katika mabonde ya Tian Shan, huko Kazakhstan, dandelioni ambayo mizizi yake ilitafunwa na wenyeji. Utomvu wake una mpira wa ubora unaokaribia ule wa mti wa mpira. Rodin aliieleza kuwa spishi mwaka 1933, na mashamba makubwa yakapandwa katika Umoja wa Kisovieti. Japani ilipoteka maeneo ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 1942, Marekani nayo iliagiza mbegu. Vita vilipokwisha na mpira wa miti ukarudi sokoni, zao hilo likaachwa.

Mwanzoni mwa karne ya 21 hamu ilirudi, na watafiti wakaomba mbegu kutoka bustani za botania na benki za mbegu. Walizipata kwa urahisi, zikiwa na jina la kok-saghyz juu ya pakiti. Mwaka 2013 Kirschner, Štěpánek na wenzao walionyesha kwamba mbegu zilizokuwa zikipatikana kwa jina hilo katika makusanyo hayo zilikuwa za spishi nyingine, Taraxacum brevicorniculatum, yenye mpira mchache. Kok-saghyz halisi ni diploidi na huhitaji chavua ya mmea mwingine ili kuzaa. Ile nyingine ni triploidi ya apomiksisi, na hutoa mbegu peke yake, kila mwaka, bila kuhitaji jirani.

Tofauti hiyo yenyewe inaelekeza namna kosa lilivyoweza kudumu. Katika kitalu kidogo cha bustani, spishi inayohitaji wenzi hufifia, na ile isiyohitaji hujaza nafasi. Mtunza bustani akivuna mbegu mwisho wa msimu huvuna zaidi za ile isiyohitaji, akaziweka katika bahasha yenye jina la zamani. Alama za kuzitofautisha zilikuwepo muda wote: brakti za kok-saghyz zina vijipembe virefu nchani, na jina brevicorniculatum maana yake ni yenye vijipembe vifupi. Mtu mwenye lenzi ya mkononi na maelezo ya awali angeweza kuuliza swali. Lakini tafiti kadhaa za mpira zilikuwa zimekwisha kuchapishwa kwa jina lisilo lake, na kila aliyetaka kuboresha zao kwa mbegu hizo alikuwa akijaribu kuchanganya mmea ambao kwa upande wa mama hauchanganyiki.

7.0 Mipaka ya njia hii

Njia iliyoelezwa inafaa kaskazini mwa Ulaya, ambako karibu dandelioni zote ni za apomiksisi. Katika Ulaya ya kati na kusini hali ni nyingine. Huko diploidi huota pamoja na triploidi katika uwanja mmoja, na chavua ya triploidi mara nyingine hulitungisha yai la diploidi. Baadhi ya watoto hurithi apomiksisi na kuanzisha ukoo mpya papo hapo, ukoo ambao huenda ukaishia kwenye uwanja huo huo msimu ujao. Kumpa kila mtoto wa namna hiyo jina la spishi kungeijaza fasihi ya taksonomia majina yasiyorudiwa na mtu yeyote. Vipimo vya molekuli navyo vimeonyesha kwamba baadhi ya spishi zilizokwisha kuelezwa zina koo zaidi ya moja ndani yake, zinazofanana kwa jicho na kutofautiana kwa jeni. Kwa hiyo usawa kamili kati ya ukoo na spishi hauwezi kudaiwa.

Utaratibu unaoelekea kufaa, na ambao watafiti makini wa eneo hilo huufuata, ni kutoeleza spishi mpya hadi ionekane katika maeneo kadhaa yaliyotengana, ihimili kupandwa, na itofautiane kwa sifa zaidi ya moja. Mimea isiyotimiza masharti hayo hukaushwa na kuhifadhiwa kama mingine. Katika lebo yake huandikwa jina la seksheni, mahali, tarehe na rangi ya kikonyo ilipokuwa mbichi, na mstari wa jina la spishi huachwa wazi.